Duka, kaunta na kamera moja: namna ya kutengeneza filamu ya vichekesho kwa fedha kidogo

Mwaka 1993 kijana wa miaka 22, Kevin Smith, alikuwa muuza duka katika mji mdogo wa Leonardo, jimbo la New Jersey, Marekani. Duka lenyewe, Quick Stop, liliuza maziwa, sigara, magazeti na vitafunwa. Mchana alisimama kaunta. Usiku duka lilipofungwa, aliingia na marafiki zake wakapiga filamu humo humo, kwa siku 21. Filamu hiyo ni Clerks, yaani wauza duka, na iligharimu dola 27,575. Ndani yake kuna vijana wawili tu wa kuzungumzia: Dante anayeuza duka, na Randal anayekodisha kanda za video duka la jirani. Wamechoshwa na kazi, wamechoshwa na wateja, wanabishana kutwa nzima.

Naieleza mwanzoni kwa sababu mwongozo huu wote nimeujenga juu yake. Nimesimama kaunta miaka mitatu, na filamu fupi mbili nilizoshiriki tulizipiga dukani. Katika kazi hizo nimeona jambo moja likirudi kila mara: filamu ya bei nafuu haiokolewi na ujanja wa kuficha umaskini wake. Inaokolewa pale kila upungufu unapopewa sababu ndani ya hadithi yenyewe.

Mfano mzuri ni vifuniko vya chuma vya madirisha ya Quick Stop. Smith aliweza kupiga picha usiku tu, lakini hadithi yake inatokea mchana. Vifuniko hivyo vikifunguliwa, giza la nje lingeonekana. Basi akaandika kwamba asubuhi ile mtu alijaza bazoka, yaani jojo za kutafuna, kwenye makufuli, vifuniko havifunguki, na Dante analazimika kutundika shuka nje, lililoandikwa kwa rangi ya viatu, kuwaambia watu kwamba duka liko wazi. Shuka likawa kichekesho kinachokumbukwa hadi leo, na tatizo la mwanga likaisha. Jifunze kufikiri hivyo, na hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi.

Hatua ya 1: Orodhesha kabla ya kuandika

Usianze na hadithi, anza na daftari. Andika kila kitu unachoweza kukipata bila kulipa: duka la nani, saa ngapi liko tupu, lina milango mingapi, nani ana bodaboda, nani ana gitaa, shangazi yupi anapika kwa watu kumi bila kulalamika. Kwenye ukurasa wa pili andika usivyonavyo: huna gari la polisi, huna hospitali, huna mvua ya kutengeneza. Hadithi yako itaishi ndani ya ukurasa wa kwanza, na itaukwepa wa pili.

Kisha kaa dukani wiki mbili ukisikiliza. Kama wewe mwenyewe ni muuzaji, umeshabahatika. Andika wateja kama walivyo: anayeuliza bei ya kila kitu akanunua jojo moja, mtoto aliyetumwa sukari robo akasahau njiani akarudi na chumvi, mama anayekuja kuomba deni liandikwe kwa jina la mume wake kwa sababu jina lake limejaa, kaka mwenye noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi anayetaka kiberiti. Katika Clerks kuna mteja anayekagua mayai moja baada ya jingine akitafuta trei iliyokamilika. Huwezi kumbuni mtu wa namna hiyo chumbani kwako. Utamkuta kaunta.

Hatua ya 2: Andika siku moja

Hadithi ya siku moja ni nafuu kuliko zote. Nguo ni zile zile, nywele ni zile zile, duka ni lile lile. Clerks inaanza asubuhi na kuisha usiku wa siku hiyo hiyo.

Lakini hapa wengi huteleza, nami niliteleza. Wanadhani uchovu wa kazi unatosha kuwa hadithi. Mtu aliyechoka amesimama kaunta, basi? Mtazamaji naye atachoka baada ya dakika sita. Anayechekesha ni mtu anayetaka kuwa mahali pengine na anazuiwa. Dante siku ile hakuwa zamu. Bosi alimpigia simu aje mara moja, akaahidi kufika mchana, hakufika. Alikuwa na mechi ya magongo alasiri, alikuwa na mpenzi, alikuwa na mpenzi wa zamani aliyekuwa karibu kuolewa. Kila anachokitaka kiko nje ya mlango, na kila mteja anayeingia anamfungia ndani.

Kwa hiyo kabla ya sini ya kwanza jaza sentensi hii: "Leo Juma anataka kuondoka saa fulani ili aende mahali fulani, lakini..." Kama huwezi kuijaza, bado huna filamu. Ukiweza kuijaza kwa namna inayokuuma kidogo, endelea kuandika.

Sasa ujanja ambao naupenda kuliko yote. Katika Clerks mashujaa wetu wanafunga duka waende kuhani msiba, na huko wanafanya vituko vya aibu mbele ya jeneza. Ungetegemea kuona msiba huo. Hatuuoni. Tunawaona wakiingia, kisha tunawakuta wakiondoka kwa gari wakigombana juu ya yaliyotokea, na ubongo wako unajichorea jeneza lenyewe. Kupiga sini ile kungehitaji ukumbi, waombolezaji, maua, jeneza. Ugomvi ndani ya gari ulihitaji watu wawili. Sini hiyo ya msibani ilikuja kutengenezwa baadaye sana, kwa katuni, toleo la kuadhimisha miaka kumi lilipotoka mwaka 2004. Sisi ambao tumekulia kwenye umbea wa barazani tunajua tangu zamani kwamba kisa kinachosimuliwa na aliyekuwepo huwa kitamu kuliko kisa chenyewe. Harusi iliyovunjika, mwizi aliyekimbizwa hadi akaingia msikitini, bosi aliyedondoka ngazini: hivyo vyote visimuliwe kaunta.

Urefu: ukurasa mmoja wa skripti ni karibu dakika moja ya filamu. Kama ndiyo kazi yako ya kwanza, andika kurasa 15 hadi 20. Filamu ndefu itakuja.

Hatua ya 3: Duka na makubaliano

Duka zuri kwako si lenye vitu vingi, ni lenye mwenyewe anayekuamini. Smith alipewa ruhusa kwa sababu alikuwa mfanyakazi wa pale. Ukienda kwa mtu usiyemfahamu, nenda na mtu anayemfahamu, na nenda na karatasi.

Karatasi hiyo iseme usiku gani mtatumia, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nani analipa umeme, nani analipa kilichovunjika, na kwamba mtahesabu bidhaa pamoja kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Hesabu hiyo ndiyo muhimu. Waigizaji wenye njaa saa nane za usiku wakizungukwa na biskuti ni mtihani, na urafiki na mwenye duka ukivunjika, filamu imekwisha katikati. Kinachotafunwa mbele ya kamera kinunueni mapema.

Mjulishe mwenyekiti wa mtaa au mzee wa nyumba kumi, mjulishe mlinzi wa jirani, pitia pia kituo cha polisi kilicho karibu. Watu wanaotembeza mataa ndani ya duka lililofungwa usiku wa manane wanafanana na wezi. Kwa Tanzania, kibali cha kupiga filamu hutoka Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Kwa Kenya, filamu itakayoonyeshwa hadharani hupangiwa kundi la umri na KFCB, bodi ya kuainisha filamu ya huko. Shughulikia vibali hivi skripti ikiwa bado mbichi, msisubiri siku ya kupiga.

Hatua ya 4: Fedha

Smith aliuza mkusanyiko wake wa vitabu vya katuni, vitu alivyovipenda tangu utotoni. Alitumia fedha alizolipwa gari lilipoharibiwa na mafuriko. Alikuwa ameacha chuo cha filamu cha Vancouver katikati ya masomo, na karo aliyoiokoa akaiweka kwenye filamu. Kisha akatumia kadi za mkopo mpaka zikajaa.

Hilo la mwisho usilifuate. Nalisema kwa uzito wote. Hadithi ya mtu aliyekopa akafaulu tunaisikia kwa sababu alifaulu. Mikopo ya simu ina riba inayokimbia kuliko uhariri, na filamu ya kwanza mara nyingi hairudishi hata nauli. Uza kitu chako, changishaneni, ombeni kwa ndugu fedha ambazo hawatazidai. Kukopa harusi, kulipa matanga. Msemo huu umebandikwa kwenye maduka mengi, na huenda ukaonekana ndani ya filamu yako pia.

Habari njema ni kwamba kilichokula fedha za Smith wewe hukihitaji. Alipiga kwa filamu ya mkanda wa milimita 16: roli moja la futi 400 ni karibu dakika kumi na moja, kisha lazima lisafishwe maabara, kisha lichapwe. Kila kosa la mwigizaji lilikuwa na bei. Wewe una simu. Kwa hiyo katika kila laki moja uliyonayo, ningeigawa hivi: elfu 40 chakula na nauli za kuwarudisha watu nyumbani usiku, elfu 35 sauti, elfu 15 diski ya kuhifadhia kazi, na elfu 10 ibaki mfukoni kwa lile litakalotokea. Kamera isipate hata senti. Azima.

Hatua ya 5: Waigizaji

Tafuta watu wawili ambao tayari wanabishana vizuri. Katika Clerks, Brian O'Halloran aliyecheza Dante alitoka kwenye michezo ya jukwaani ya mitaa ya pale. Jeff Anderson aliyecheza Randal alikuwa rafiki wa Smith tangu shule, na hakuwa mwigizaji. Nafasi ya Randal, Smith alikuwa ameiandika aicheze yeye mwenyewe. Alipotambua kwamba hawezi kuongoza, kuuza duka mchana na kukariri maneno mengi namna ile, akaiachia, akajipa nafasi ya Silent Bob, mtu asiyesema karibu neno. Ukitaka kuigiza na kuongoza kwa pamoja, jipe mtu wa aina hiyo.

Wateja wagawe kwa watu wachache. Rafiki mmoja wa Smith, Walt Flanagan, alicheza wateja kadhaa tofauti. Kofia, miwani, kanzu, mtandio, kutembea kwa namna nyingine, na mtazamaji atapokea.

Mazoezi yafanyike nyumbani au ufukweni, siyo dukani usiku wa kupiga. Maneno yakishaingia mdomoni bila karatasi, waambie wayaseme wakiwa wanafanya kazi: kupanga sabuni, kuhesabu sarafu, kufuta kaunta. Muuza duka halisi haongei mikono ikiwa imetulia.

Hatua ya 6: Sauti

Nimeiweka kabla ya picha kwa makusudi. Mtazamaji atasamehe picha yenye chembechembe. Neno la kichekesho asilolisikia hawezi kulicheka, na filamu ya namna hii ni maneno matupu tangu mwanzo hadi mwisho.

Adui wa kwanza ni friji. Sikio likishazoea halimsikii tena, lakini maiki inamsikia kila sekunde. Zima friji zote kabla ya kupiga, na kabla ya kuzima fanya jambo hili ambalo mafundi sauti hulifanya: weka funguo za gari, za pikipiki au za nyumba yako ndani ya friji. Hutaweza kuondoka bila kuufungua mlango wake, na ukiufungua utakumbuka kuiwasha. Sisi usiku wa kwanza hatukujua hili, na tulilipia maziwa na soseji za duka zima.

Kila mwigizaji avae maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Kama hamna, chukua simu ya pili, iwashe kinasa sauti, iweke mfuko wa shati au uifiche nyuma ya mzani, karibu na mdomo kadiri inavyowezekana. Mwanzoni mwa kila shoti mtu apige kofi moja mbele ya kamera; mlio huo ndio utakaokusaidia kulinganisha picha na sauti wakati wa kuhariri. Mkimaliza kila kona, nyamazeni wote, rekodi ukimya wa duka kwa dakika nzima. Utautandaza chini ya mazungumzo, na mikato haitasikika.

Usiku unasaidia: bodaboda zimepungua, spika za jirani zimelala. Lakini panga sini za mazungumzo marefu kati ya saa tano na saa kumi. Baada ya hapo jogoo wanaamka, kisha adhana ya alfajiri, na hiyo ndiyo saa ya kufunga kazi kwa heshima.

Hatua ya 7: Picha

Clerks ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Wengi hudhani ni mapambo ya kisanii. Sababu kubwa ilikuwa fedha: duka lina mirija ya mwanga, balbu, taa za friji, kila moja ina rangi yake, na kuzioanisha kwa filamu ya rangi kunahitaji taa za kukodi na fundi. Bila rangi, tofauti hiyo inapotea. Matokeo yake yalifanana na picha za kamera ya ulinzi, na kwa duka ikafaa kabisa.

Unaweza kuifuata njia hiyo, lakini amua mapema, siyo kwenye uhariri. Ukibaki na rangi, zima taa zote ambazo si za aina moja.

Sasa jambo la kiufundi linaloharibu kazi nyingi za huku kwetu. Umeme wetu ni wa hezi 50. Simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde, na chini ya mirija ya dukani utaona mistari myeusi ikipanda na kushuka kwenye picha. Weka picha 25 kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda wa kunasa kila picha, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kama kamera ya simu yako haina mpangilio huo, Blackmagic Camera ni programu ya bure inayoutoa. Funga pia mwanga na fokasi zisibadilike zenyewe kila mtu anapopita. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu. Vidole vya siku nzima viko pale.

Kuhusu kuweka kamera, kuwa mvivu kwa hekima. Watu wawili wameegemea kaunta, kamera kwenye stendi, wote wanaonekana, waache waongee dakika mbili bila kukata. Kichekesho cha maneno kinapenda kuona anayesema na anayesikia kwa wakati mmoja, kwa sababu mara nyingi anayechekesha ni yule anayesikia. Kisha ongeza shoti moja ya karibu kwa kila mmoja, basi.

Kabla ya kuhama kona, piga vitu vidogo: mikono ikihesabu chenji, feni, saa ya ukutani, nzi juu ya mkate, daftari la madeni. Kila kimoja sekunde kumi. Siku ya kuhariri, utakapotaka kuficha kosa la mwigizaji katikati ya shoti ndefu, nzi huyo atakuwa rafiki yako.

Ratiba: kurasa tatu hadi nne kwa usiku zinatosha. Pangeni kwa kona na kwa mtu, siyo kwa mfuatano wa hadithi. Anayecheza mteja aitwe usiku mmoja, apige sini zake zote, ale, arudishwe kwao.

Hatua ya 8: Kichekesho chenyewe

Waambie waigizaji wako neno moja: msicheke. Kila mtu ndani ya duka anaamini kabisa anachosema. Huu hapa mfano nilioandika kutokana na mteja niliyewahi kumhudumia:

— Una chenji ya elfu kumi?
— Unanunua nini, kaka?
— Sinunui. Nataka chenji nikanunue kwa Mangi.
— Kwa nini usinunue hapa?
— Wewe huna chenji.
— Si ndiyo unaniomba?
— Ndiyo maana nikauliza kwanza.

Hakuna hata mmoja anayetania. Mteja ana hoja, muuzaji ana hoja, na hoja zinazunguka kama ng'ombe wa kinu. Mteja huyu mrudishe tena katikati ya filamu, safari hii ana noti ya elfu tano. Mrudishe mara ya tatu mwishoni, ana sarafu kamili, na kiberiti kimeisha. Mara tatu zinatosha.

Lugha nayo ipime. Clerks haina mauaji wala utupu wa kutisha, lakini mazungumzo yake ni machafu kiasi kwamba Marekani iliwekwa kwanza kwenye daraja la NC-17, lisiloruhusu watoto, kwa maneno tu. Wakili maarufu Alan Dershowitz aliajiriwa kukata rufaa, na daraja likashushwa bila filamu kukatwa. Wewe huna wakili huyo, na filamu yako itatazamwa sebuleni mama mkwe akiwepo. Wala hulazimiki kutukana. Kiswahili kina mafumbo, kina vijembe vya kwenye khanga, kina utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, kina utani wa babu na mjukuu, ambapo mtu huambiwa jambo zito usoni na hana ruhusa ya kukasirika. Muuza duka mwenye ulimi wa namna hiyo anaweza kumvua nguo mteja kwa "karibu tena".

Hatua ya 9: Uhariri na muziki

Smith na mtayarishaji mwenzake Scott Mosier walihariri ndani ya duka la video jirani na Quick Stop, kwa mashine ya kukata mkanda. Wewe una DaVinci Resolve ya bure kama una kompyuta, au CapCut kwenye simu. Hifadhi kazi sehemu mbili tangu usiku wa kwanza, na diski hizo zikae nyumba mbili tofauti.

Kata ya kwanza waonyeshe watu wasiokuogopa. Clerks hapo mwanzo iliisha vibaya: jambazi anaingia dukani mwisho wa siku na kumpiga Dante risasi, anakufa. Bob Hawk na John Pierson, watu wazoefu wa filamu huru, zile zisizotengenezwa na kampuni kubwa, walimshauri Smith aondoe mwisho huo. Aliuondoa. Fikiria kijana aliyeuza vitu vyake vya utotoni akikubali kutupa sini aliyoipiga kwa jasho. Watazamaji wako wawe watano au sita, kaa nyuma yao, usitazame skrini. Tazama mabega yao. Pale wanapochukua simu, pana dakika ya kukata.

Muziki ni mtego. Haki za nyimbo zilizowekwa kwenye Clerks baada ya kununuliwa zilizidi gharama za kupiga filamu yenyewe. Usiweke wimbo wa msanii mkubwa ukidhani hataiona. Mtandao utaiona na kuizima. Mtafute mpiga gitaa wa mtaani, muandikiane karatasi kwamba muziki ni wake na anaruhusu utumike katika filamu hii, mlipe hata kidogo.

Hatua ya 10: Kuionyesha

Onyesho la kwanza la Clerks mbele ya watu wa tasnia lilikuwa New York, mwaka 1993, kwenye soko la filamu huru. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Waliokuja wengi walikuwa waigizaji wenyewe na marafiki. Lakini ndani ya viti vile vitupu alikaa Bob Hawk, akatoka akawaambia wengine. Januari 1994 filamu ikafika tamasha la Sundance, Marekani, ikagawana na filamu nyingine tuzo ya watengeneza filamu, kampuni ya Miramax ikainunua, na mwezi Mei ikapata tuzo mbili kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Ilivuna zaidi ya dola milioni tatu katika kumbi za Marekani, na mwaka 2019 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa.

Kwa hapa kwetu, peleka ZIFF, tamasha la Zanzibar lililoanza mwaka 1998, na soma tarehe zao za mwisho kabla hujaanza kuhariri, siyo baada. Lakini onyesho la kwanza kabisa lifanye mtaani. Ongea na mwenye banda la video, au tandika shuka kwenye ukuta wa duka lenyewe baada ya isha, weka mabenchi, waalike wateja ambao bila wao usingekuwa na skripti. Weka daftari mlangoni, kila anayeingia aandike jina na namba ya simu. Wakija kumi na wawili tu, wapigie wote kumi na wawili kesho yake asubuhi, mmoja mmoja, uwaulize wangependa nani mwingine aione.